Moteri nne, batri moja: yale tuliyojifunza mezani Butembo

Sisi watu wa sendika hatukuzoea kuandika habari za ndege. Kazi yetu ni mizani ya wanunuzi wa dhahabu inayodanganya, ni mbao za kushikilia shimo, ni mjane ambaye PDG wa shimo anamrudisha nyumbani na mfuko mmoja wa unga. Lakini tangu mwaka jana vijana wanne wa Butembo, wote watoto wa wachimbaji, wametuingiza mu mambo ya ndege ndogo yenye moteri nne, na mpaka leo hatujatoka. Simu zinatufikia kutoka Beni, kutoka Lubero, hata kutoka Manguredjipa: «Kamarade, moteri zangu mbili hazikubali kuenda pamoja, nifanye nini?» Wengine wanaouliza hawana ndege hata kidogo. Wana feni za kupeleka hewa shimoni, na wamezifunga kwa vipande vilevile. Ndiyo maana tumeomba ukurasa huu.

Mwanzo wake ulikuwa moshi. Mzee mmoja wa kwetu, mchimbaji tangu zaidi ya miaka ishirini, alikuja kututafuta siku ya Jumapili, tena kabla ya misa, akasema: «Kamarade, mukuje muone. Mutoto iko nataka kunichomea nyumba.» Tulienda naye mpaka Bulengera. Juu ya meza ya kulia chakula kulikuwa ndege yenye mabawa meupe, imekatwa katika ile polistireni nyepesi inayokuja mu karto za televizheni. Kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ilipita kidogo metre moja na nusu. Moteri mbili kila upande, na elisi zake, yaani yale mapanga yanayosukuma hewa. Na harufu ile, kila mtu aliyewahi kuunguza redio anaijua. Kijana, ambaye yuko mwaka wa mwisho wa sekondari upande wa umeme, alikuwa amekaa chini, hasemi kitu. Mama yake ndiye alisema: «Ni feza ya mikate yangu njo inawaka pale.»

Moteri mbili alizitoa kwenye drone ya picha iliyoanguka na mwenyewe akaitupa. Mbili nyingine aliletewa na mfanyabiashara anayeenda kununua simu Guangzhou. Unajua Butembo, hakuna kitu ambacho wafanyabiashara wetu hawawezi kukifikisha hapa kama ukivumilia. Batri na vingine alinunua polepole. Wenzake watatu walichanga.

Tueleweshe kwanza kitu kimoja, maana bila hicho mengine hayataingia. Moteri hizi si kama ile ya redio-kaseti ya zamani, ambayo unagusisha nyaya mbili kwenye batri inaanza kuzunguka. Hizi hazina makaa ndani. Zinatoa nyaya tatu, na ukizigusisha kwenye batri moja kwa moja hazizunguki, zinaungua tu. Kati ya batri na moteri lazima pawe na kipande kidogo cha elektroniki kilichovikwa nailoni, kinachoitwa kwa Kifaransa variateur; sisi tutaandika variateri. Upande mmoja inapokea nyaya mbili nene za batri, nyekundu na nyeusi. Upande wa pili inatoa nyaya tatu za moteri. Tena kuna kamba nyembamba ya nyaya tatu inayoenda kwenye resepteri, kile kipande kinachosikia telekomande. Variateri inachukua umeme wa batri na kuugawa kwa zamu katika zile nyaya tatu, sawa vile watu watatu wanasukuma gurudumu: wewe, kisha wewe, kisha yule. Ukiharakisha zamu, moteri inaongeza mbio.

Sasa hapa njo watu wengi wanaanguka. Variateri haigawi zamu kwa kufumba macho. Kila mara uzi mmoja kati ya ile mitatu unapumzika, na katika huo uzi unaopumzika variateri inasikiliza umeme mdogo unaozalishwa na moteri yenyewe ikizunguka. Kwa kusikiliza huko inajua sumaku zimefika wapi, na zamu inayofuata itoke lini. Ukifunga moteri mbili kwenye variateri moja, inasikia sauti mbili kwa pamoja. Moteri hizo hazitazunguka sawasawa hata siku moja. Moja iko mbele kidogo, nyingine nyuma. Variateri inachanganyikiwa, moteri zinatetemeka, zinalia, na umeme unakuwa joto. Kijana wetu alikuwa amenunua variateri mbili kwa moteri nne, kwa kupunguza matumizi. Hilo ndilo lilikuwa kosa la kwanza, na liliua variateri moja. Zile moteri za zamani zenye makaa, ndiyo, mbili zinaweza kula kwenye variateri moja kama uwezo wake unatosha. Hizi za nyaya tatu, hapana. Kila moteri na variateri yake, na variateri iwe na uwezo wa kupita kile moteri inakula: moteri ya ampere 15, variateri ya 20.

Walichanga tena. Ilichukua miezi mitatu. Wakafunga variateri nne, na moshi ukatoka mara ya pili.

Ule uzi mwekundu

Safari hii tulikuwa pale, tukaona kwa macho. Moteri zilizunguka vizuri karibu dakika mbili. Kisha visukani vya mabawa vikaanza kucheza peke yake, resepteri ikazimika, ikawaka, ikazimika. Tulipogusa variateri ya kwanza kutoka kushoto, kidole kiliruka. Zile tatu nyingine zilikuwa vuguvugu tu.

Tuliketi nayo mpaka saa nne za usiku. Jibu liko mu ile kamba nyembamba ya nyaya tatu. Uzi mmoja, mweupe au wa machungwa au njano, unaleta amri kutoka resepteri. Wa pili, mweusi au kahawia, ni minasi. Wa tatu, mwekundu, haupokei kitu: unatoa. Ndani ya variateri nyingi kuna kipande kinachopunguza umeme wa batri mpaka volti 5 na kuutuma kwa resepteri na visukani, ili usilazimike kubeba batri ya pili. Kwa ndege ya moteri moja ni jambo zuri. Kwa ndege ya moteri nne una vyanzo vinne vya volti 5 vyote vinasukuma katika mfuko mmoja. Na havilingani. Kimoja kinatoa 5.0, kingine 5.1. Chenye kupita wenzake kidogo ndicho kinabeba mzigo wote, wenzake wanakaa wakitazama. Sisi wa shimoni tunajua hiyo habari.

Na mzigo wenyewe si mdogo. Batri ya seli tatu ina volti 11.1. Kipunguzi cha namna ya kawaida kinateremsha 11.1 kuwa 5, na ile 6.1 inayobaki kinaigeuza joto. Visukani vikivuta ampere 1, hiyo ni wati 6 za joto mu kipande kidogo kuliko ukucha. Kinajizima ili kisife, resepteri inakosa umeme, na kama ndege ingekuwa juu ingekuja chini kama jiwe.

Dawa yake haina gharama yoyote. Acha uzi mwekundu kwenye variateri moja tu. Kwa zile tatu nyingine, chukua sindano, inua ule ulimi mdogo wa plastiki kwenye plagi, vuta pini ya uzi mwekundu itoke, ikunje nyuma, uifunge kwa skochi ya umeme. Usiikate, kesho utaitaka kwa kazi nyingine. Uzi wa amri na ule wa minasi viache mahali pake. Wengine wanatoa na uzi mweusi pia. Ukitumia batri moja kwa variateri zote unaweza kubahatika, lakini ukitumia batri mbili, bila ile minasi ya pamoja amri haina pa kuegemea na moteri zitafanya wazimu. Na kama visukani ni vingi au vizito, toa nyekundu zote nne, nunua kipunguzi cha volti 5 cha pekee chenye uwezo mkubwa. Variateri fulani kubwa hazina volti 5 kabisa. Hizo pia zinataka kipunguzi cha pekee.

Tuliandika hayo kwenye karatasi na kuibandika ukutani juu ya ile meza. Mama wa nyumba aliuliza kama tungelipa kodi ya ukuta.

Kutafuta kosa bila kusingizia mtu

Shimoni, mfuko wa mchanga ukipungua uzito kati ya chini na juu, hatuanzi kupiga watu wote. Tunafuata mfuko mkono kwa mkono: nani aliujaza, nani aliuvuta, nani alikaa nao penye kivuli. Umeme pia unataka namna hiyo. Kosa la vijana lilikuwa kubadilisha vitu vitatu kwa mara moja. Ikitembea hawajui nini kiliponya, ikikataa hawajui nini kilizidi kuharibika.

Moteri ya tatu ilikuwa inatetemeka bila kuzunguka. Inaruka huku, inarudi huku, kama mbuzi aliyefungwa. Watatu kati yao walisema moteri imekufa, mmoja akasema ni variateri. Tuliwaambia: acheni maneno, badilisheni. Ile moteri ya tatu walifunga kwenye variateri ya pili ambayo inajulikana kuwa nzima, na moteri ya pili kwenye variateri ya tatu. Kosa likifuata moteri, ni moteri. Likibaki na variateri, ni variateri. Likipotea, ni kiungo ulichokifungua na kukifunga tena. Lilipotea. Tukakata kile kiungo: lehemu ilikuwa baridi, imekaa juu ya waya kama ugali juu ya sahani, haikuingia ndani. Uzi mmoja kati ya mitatu ukikosa kushika vizuri, moteri inafanya hivyo hasa, kutetemeka. Viungo vyenyewe, tuseme kwa kicheko, vimepakwa dhahabu. Kidogo sana, hata negosia wa mizani mibaya hawezi kuvinunua.

Usitegemee multimetri ya sokoni kupima ndani ya moteri. Nyuzi zake zina ukinzani mdogo sana, chini ya ohm moja, na chombo cha bei rahisi kitakuonyesha karibu sifuri kwa kila kitu, nzima na mbovu. Kuna njia isiyotaka chombo. Fungua moteri kutoka variateri, izungushe kwa vidole: inazunguka na visimamo vidogo vya sumaku. Sasa gusanisha nyaya mbili kati ya tatu, zungusha tena: inakuwa nzito, kama inazunguka ndani ya asali. Fanya hivyo kwa jozi zote tatu. Uzito ukilingana, moteri ni nzima. Jozi moja ikiwa nyepesi, kuna uzi uliokatika ndani.

Moteri ikizunguka upande usiotakiwa, usitafute mbali: badilisha nyaya mbili zozote kati ya zile tatu za moteri, itageuka. Lakini upande wa batri usibadilishe kitu kamwe. Nyekundu na nyeusi za batri zikigeuzwa mara moja tu, hata nusu sekunde, variateri imekwisha, na zikiwa nne zimefungwa pamoja, zote nne zimekwisha. Tunajua nyumba moja ambapo ilitokea. Cheche ndogo unapochomeka batri si kosa. Ni kondensateri zinazojaa, na kwa variateri nne cheche ni kubwa kidogo. Chomeka kwa mkono wa haraka, usisitesite.

Tatizo lililowasumbua zaidi lilikuwa lingine: moteri mbili za kushoto zilianza kuzunguka mapema kuliko za kulia. Sehemu ya sababu ni zile moteri za drone ya zamani, ambazo hazikuwa ndugu wa zile mpya. Hizo zinapangwa kwa jozi: mbili zinazofanana zikae mbali sawa na katikati, moja kila bawa. Lakini sababu kubwa ilikuwa kwamba kila variateri ilikuwa na wazo lake kuhusu wapi ni chini na wapi ni juu. Lazima zifundishwe. Kwanza kabisa, kabla ya kitu kingine, TOA ELISI. Tunaandika kwa herufi kubwa kwa sababu elisi ya plastiki kwa mbio zile inakata kidole mpaka mfupa. Kisha washa telekomande, peleka fimbo ya mwendo juu kabisa, chomeka batri, ngoja milio, shusha fimbo mpaka chini kabisa, ngoja milio ya kukubali. Variateri zote nne zikiwa zimeungwa pamoja kwa kamba ya matawi, zinajifunza kwa siku moja na mwalimu mmoja. Milio inatofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo tunza ile karatasi ndogo iliyo ndani ya boksi, hata kama ni ya Kichina.

Sasa urefu wa nyaya. Ndege ina batri katikati na moteri mbali huko mabawani. Fundi atataka kuweka variateri karibu na moteri na kurefusha nyaya za batri. Ni vibaya. Variateri inafungua na kufunga umeme mara nyingi sana kwa sekunde, na uzi mrefu wa batri, kila umeme unapokatwa ghafla, unarudisha pigo la volti, sawa na bomba la maji linavyogonga ukifunga robine kwa nguvu. Yale mapigo yanaua kondensateri za mlango wa variateri. Heri kuacha variateri karibu na batri na kurefusha nyaya tatu za moteri. Kama huna namna, ongeza kondensateri nzuri: mafundi wa ndege hizi wanahesabu mikrofaradi 220 kwa kila sentimetre 10 ulizoongeza, yenye volti kupita za batri yako. Na hapa kwetu kuna jambo la juu yake. Butembo iko zaidi ya metre 1,700 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani karibu kwa sehemu moja ya sita. Elisi inashika hewa kidogo, na variateri inapozwa kidogo. Vijana walikuwa wamezifukia ndani ya polistireni bila tundu. Tuliwatobolesha.

Batri chini ya kitanda

Hapa tunazungumza na ba Mama hasa. Batri hizi za lithiumu si kama za tochi. Ile ya vijana iliandikwa 2200 na 25C. Maana yake ni ampere-saa 2.2, na kwamba inaweza kutoa mara 25 ya hiyo: ampere 55. Moteri nne za ampere 15 zikienda mwisho wa mwendo zinataka 60. Hesabu ya mtoto wa darasa la nne inaonyesha kwamba haitoshi, lakini nani alihesabu? Batri ikavimba kama mkate. Ilikuwa inachajiwa usiku, saa ambazo umeme unarudi, chini ya kitanda ambacho watoto wawili wanalalia, juu ya godoro.

Batri iliyovimba haichajiwi tena, haitobolewi, haitupwi mu jaa ambapo watoto wanaokota vyuma. Tuliipeleka nje, tukaiweka mu ndoo ya mchanga mbali na ukuta, mpaka tukaimaliza umeme polepole kwa balbu ya gari. Inayochajiwa iwe juu ya tofali au ndani ya chungu, mtu akiwa macho. Chaja iwe ile inayolinganisha seli, na isipite volti 4.2 kwa kila seli. Chini isipite 3.3 hivi. Na kwa wenye variateri nyingi: kila moja inakata umeme batri ikishuka, lakini hazikati kwa dakika moja. Ya kwanza inakata, bawa moja linakosa nguvu, ndege inageuka. Zipange zipunguze mwendo badala ya kukata ghafla, na usingoje. Tumia saa, shuka mapema.

Ndege haikuruka. Tuseme wazi, maana wasomaji wataulizia. Kaskazini ya Kivu iko chini ya etat de siège tangu tarehe 6 Mei 2021. Tangu Desemba 2013, MONUSCO ilipoanza kurusha ndege zisizo na rubani kutoka Goma, watu wetu walijifunza kutazama juu, na vita vya Lubero vya miaka hii ya karibuni vimeongeza hofu. Mtu wa Beni akisikia mlio wa moteri ndogo angani haulizi kama ni mchezo wa watoto. Askari pia hataulizia. Wazazi walikaa, sisi tukakaa nao, tukawakataza. Kijana alilia, kijana wa miaka kumi na minane. Alituambia kwamba Rwanda tangu 2016 na Ghana tangu 2019 ndege za umeme zinapeleka damu mu mahospitali, na kwamba Lilongwe kule Malawi kuna shule iliyofunguliwa 2020 ya kufundisha vijana kazi hiyo. «Na sisi, Papa, tutafunga yetu na kamba?» Hatukuwa na jibu. Tuliifunga na kamba. Iko inazunguka mezani.

Kutoka meza mpaka shimo

Baba yake ndiye aliyetazama zile elisi nne zikipeperusha pazia akasema: hii hewa ingefaa chini.

Tumezika watu kwa kukosa hewa. Hatutaji shimo. Motopompe ya petroli ilishushwa chini kuvuta maji, watu wakashuka baada yake. Moshi wa moteri ya petroli una gesi isiyo na rangi wala harufu, monoksidi ya kaboni, inayochukua nafasi ya hewa ndani ya damu. Wachimbaji wetu wanapima kwa mshumaa: ukizimika, panda. Mshumaa unaeleza kama hewa ya kupumua imepungua, ni kweli. Lakini gesi ya motopompe inaua huku mshumaa unawaka vizuri. Wale tuliowazika walikuwa na mshumaa unaowaka. Motopompe haishuki, na haikai mdomoni mwa shimo. Hiyo hakuna feni inayoibadilisha.

Kwa hewa yenyewe, tulijaribu. Moteri nne na variateri nne, nyekundu tatu zimetolewa. Badala ya telekomande, kisanduku kidogo chenye kifungo cha kuzungusha ambacho mafundi wanatumia kupima visukani. Kinatoa amri ileile, na kamba ya matawi inaipeleka kwa zote. Batri ya gari ya volti 12, ampere-saa 70, na paneli ya jua. Kwa mwendo mdogo kila moteri ilivuta ampere 3, jumla 12. Batri ya risasi usiimalize zaidi ya nusu, kwa hiyo una 35: hazifiki saa tatu za kazi. Na variateri haitailinda, kwa sababu inadhani ni lithiumu na itaiachia ishuke mpaka volti 9 na kitu. Weka voltimetri na mtu wa kuitazama. Batri ikipumzika isionyeshe chini ya 12.

Matokeo? Nusu kwa nusu. Kwenye shimo la metre 8 hewa ilifika. Kwenye lile la metre 25 haikufika kitu. Elisi ya ndege inasukuma hewa nyingi lakini haina kifua. Ukiifungia bomba refu la plastiki inazunguka bure. Shimo refu linataka feni ya konokono, ile ya wafua chuma, yenye moteri moja kubwa. Na vumbi la kwetu limekula bilia za moteri ya pili kwa wiki tatu. Moteri hizi zilifanywa kwa kuruka dakika kumi, si kwa kukaa siku nzima mu vumbi. Tena tumeweka sheria: mtu anakaa juu karibu na feni, kamba ya kengele mkononi, feni ikinyamaza kwa sababu yoyote wote wanapanda, kisha ndipo fundi anatafuta kosa.

Kodi ya madini inasema shimo la mchimbaji mdogo lisipite metre 30. Kati ya 8 na 30 ndipo watu wetu wanafanya kazi kila siku. Kwa hiyo tulipeleka hesabu kwa PDG watatu: feni ya konokono, batri mbili, paneli, bomba. Mazuti, mbao, chakula, vyote vinakatwa kwanza kabla ya kugawa mchanga, na nusu ya vinavyokatwa ni jasho la wachimbaji. Basi hewa nayo ikatwe kwa mlango huohuo, si mfukoni mwa mchimbaji peke yake. Mmoja alikubali batri lakini akakataa feni. Mmoja alisema mashimo yake yana upepo wa Mungu. Wa tatu aliomba kuona ile ndege, akacheza na kifungo karibu saa nzima, akatuambia turudi Alhamisi na bei. Kijana ameagiza bilia mpya. Jozi ya kwanza iliyofika haikuwa saizi yake.